Rangi za Taifa Kwenye Mfarishi wa Vipande: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Moshi

Kikundi cha akina mama washonaji cha Majengo, mjini Moshi, kiliombwa kushona mfarishi wa vipande, yaani funiko la kitanda linaloshonwa kwa vipande vya vitambaa, kwa ajili ya mzee mmoja mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania aliyepigana Vita vya Kagera. Familia ilitaka zawadi hiyo ikabidhiwe tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ambayo huangukia katikati ya baridi ya Kilimanjaro, majira ambayo mtu mzima hahitaji kubembelezwa ajifunike. Masharti yalikuwa mawili: mfarishi utoshe kitanda cha futi tano kwa sita, na rangi zake ziwe za taifa. Sharti la kwanza lilimalizwa kwa futikamba. La pili ndilo lililozua mjadala, na ndilo ninalolichambua hapa, kwa kuwa nilishirikishwa kama mshauri wa rangi tangu mchoro wa kwanza hadi mkasi ulipoingia kwenye kitambaa.

Wazo lenyewe lilitoka kwa mjukuu wa mzee anayeishi Marekani. Huko upo utaratibu wa kuwashonea askari na maveterani mifarishi ya heshima, ulioanzishwa mwaka 2003 na Catherine Roberts, mama ambaye mwanawe alikuwa amepelekwa vitani Iraq, na shirika lililotokana na juhudi zake linaitwa Quilts of Valor. Mifarishi mingi ya aina hiyo hushonwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na bluu. Mjukuu aliupenda mchoro mmoja wa nyota juu ya uwanja mweupe, akautuma kwa simu akiwa amekwisha kuubadilisha: palipokuwa na nyekundu akaweka kijani, palipokuwa na nyeupe akaweka njano, palipokuwa na bluu akaweka nyeusi, na bluu yetu akaifanya ukingo mwembamba wa kuzunguka pembeni. Kwa hesabu ya rangi hakuacha hata moja. Kijani, njano, nyeusi na bluu zote zilikuwamo.

Hata hivyo, akina mama walipopaka rangi hizo kwenye karatasi na kuzipanga mezani, kijana aliyeleta cherehani kutengenezwa alichungulia begani kwao akasema, "Hii ya Yanga mtauza sana." Hakuwa na nia ya kukosoa. Alisema alichokiona, na alichokiona kilikuwa sahihi: karibu nusu ya eneo lilikuwa la njano, theluthi hivi ya kijani, na nyeusi iliyobaki ilikamilisha jezi ya klabu ya mpira ya Yanga, wananchi wa Jangwani. Asiyefuatilia mpira angeweza kuona jambo jingine, kwa sababu kijani na njano ndizo rangi za Chama Cha Mapinduzi, na kila Mtanzania huzitambua kwenye fulana, kofia na kanga za kampeni kabla hajasoma maandishi. Mzee aliyelitumikia taifa lote hakustahili kupewa kitu ambacho nusu ya wageni wangekidhania cha chama na nusu nyingine cha klabu, hata kama yeye mwenyewe huenda ana mapenzi yake upande mmoja au mwingine.

Kosa la mchoro ule halikuwa katika rangi zilizochaguliwa bali katika nafasi ambayo kila rangi ilipewa. Bendera ya Marekani ina mistari kumi na mitatu, saba myekundu na sita myeupe, na nyota hamsini nyeupe juu ya bluu, hivyo nyeupe hukaa kote na kuwa mahali pa jicho kupumzika. Mshonaji wa huko akieneza nyeupe katika nusu ya mfarishi haondoki mbali na bendera yake. Yetu imejengwa vinginevyo. Tangu ilipopitishwa mwaka 1964, baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, imekuwa na pembetatu ya kijani juu upande wa mlingoti, pembetatu ya bluu chini upande wa pili, utepe mpana mweusi unaopanda kimshazari kati yake, na mistari miwili myembamba ya njano kwenye kingo za utepe huo. Kijani ni ya mimea na ardhi, njano ya madini, nyeusi ya watu wenyewe, na bluu ya bahari, maziwa na mito. Ukiitazama kama fundi badala ya mwanafunzi wa uraia, utagundua mambo mawili. Njano, ambayo ndiyo yenye kelele kuliko zote, imepewa eneo dogo kuliko zote. Pili, kijani na bluu hazigusani mahali popote. Nyeusi ipo kati yake daima, na njano ipo kati ya nyeusi na kila mojawapo.

Jambo la pili lina sababu inayoonekana kwa macho. Kijani na bluu za bendera yetu zinatofautiana kwa jina lakini ukolevu wake unakaribiana mno. Tuliweka vitambaa vya rangi zote nne sakafuni, tukavipiga picha kwa simu, kisha tukaiondoa rangi picha ile ibaki nyeusi na nyeupe. Njano ilitoka karibu nyeupe, nyeusi ikabaki nyeusi, na kijani na bluu zikawa kijivu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kusema kipi ni kipi. Maana yake ni kwamba ukishona pembetatu ya kijani moja kwa moja kwenye pembetatu ya bluu, mchoro hupotea kwa mtu aliyesimama hatua chache tu, kwa kuwa jicho la mbali hufuata giza na mwanga kabla ya kufuata rangi. Kipimo hicho cha simu hakigharimu chochote, na ningependa kila fundi akitumie kabla ya kulipia mita moja ya kitambaa.

Kabla ya kufikia mchoro mpya, familia nayo ilileta yake. Shangazi wa yule mjukuu alisisitiza iongezwe nyekundu, kwa hoja kwamba huwezi kumheshimu mtu aliyekwenda vitani bila kuonyesha damu ya waliobaki huko. Hoja ya moyo haijibiwi kwa kanuni za ushonaji, lakini hii ilijibika kwa ramani. Nyekundu, nyeusi na kijani zikikaa pamoja, hasa zikiwa na mguso wa nyeupe, ni bendera ya Kenya, ambayo mtu wa Moshi anaiona akifika mpakani Holili tu. Nyekundu, nyeusi na njano ni bendera ya Uganda. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwaka 1978, na majeshi ya Tanzania yakaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979; mzee huyu alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Kumfunika kwa rangi za nchi aliyokwenda kupigana nayo, ingawa leo ni jirani mwema, kungekuwa mzaha ambao hakuna aliyeukusudia. Shangazi alicheka, akakubali, akaomba angalau majina ya wenzake wa kikosi ambao hawakurudi yatariziwe upande wa nyuma. Ombi hilo lilikubaliwa bila mjadala, na kwa maoni yangu lilikuwa bora kuliko nyekundu yoyote.

Mwanafamilia mwingine alipendekeza vipande vya kombati. Hilo lilikataliwa papo hapo, kwa kuwa sheria zetu haziruhusu raia kuwa na mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo, na kikundi kinachouza kazi zake hadharani hakina sababu ya kujitafutia maswali.

Uamuzi mgumu zaidi ulihusu umbo. Mama mmoja kikundini, fundi hodari wa mishono ya mshazari, alitaka kila mraba uwe bendera ndogo kamili, thelathini kwa jumla. Ingependeza, sikatai. Hata hivyo, matumizi ya bendera ya taifa katika biashara bila idhini yanakatazwa na sheria, na kikundi hiki kilikuwa kinalipwa. Zaidi ya sheria, lipo suala la adabu: mfarishi hukaliwa, hulaliwa, humwagikiwa chai, na mtoto akirukia kitandani huupanda kwa miguu. Wamarekani wenyewe, ambao tunaambiwa huweka bendera yao popote, wana kanuni zilizopitishwa na Bunge lao mwaka 1942 zinazosema bendera isitumiwe kama vazi, tandiko wala pazia. Ndiyo maana washonaji makini wa huko huchukua rangi na nyota, wakaiacha bendera yenyewe kwenye mlingoti. Nasi tulifuata njia hiyo hiyo: rangi za bendera na tabia zake, bila sura yake.

Mchoro uliokubaliwa ulikuwa mwepesi kuliko yote iliyotangulia. Miraba ya inchi kumi ilipangwa mitano kwa upana na sita kwa urefu, kijani na bluu zikipokezana kama bao la drafti, na kila mraba ulizungukwa na mkanda mweusi wa inchi mbili. Mikanda inapokutana panakaa mraba mdogo wa njano wa inchi mbili. Mfarishi unatoka na upana wa inchi sitini na mbili na urefu wa inchi sabini na nne, unafunika futi tano kwa sita na kuacha inchi moja kila upande. Miraba ya kijani ni kumi na mitano, ya bluu kumi na mitano, mikanda myeusi sabini na mmoja, na vijiraba vya njano arobaini na viwili. Ukipiga hesabu ya eneo, kijani na bluu zinachukua karibu asilimia 33 kila moja, nyeusi asilimia 31, na njano chini ya asilimia 4. Kijani na bluu hazigusani. Njano ipo kila mahali lakini haitawali. Kijana wa cherehani alipoonyeshwa karatasi ya pili alisema, "Hii sasa ni Tanzania," na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kilichofuata ni dukani, na hapa ndipo majina ya rangi yanapoacha kusaidia. Ukiingia maduka ya vitambaa ya katikati ya mji au ya Mbuyuni ukaomba kijani, utaletewa kijani cha chupa, kijani cha jeshi, kijani cha sare za shule na kijani kibichi, na muuzaji atakuapia kwamba kila kimojawapo ndicho cha bendera. Bluu ni tatizo kubwa zaidi. Inayopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu ni ile iliyokolea ya sketi za wanafunzi, na ikiwekwa kando ya nyeusi humezwa kabisa, kiasi kwamba mkanda mweusi tuliouwekea matumaini yote usingeonekana. Bluu ya bendera ni nyepesi, karibu na ya anga la saa nne asubuhi baada ya ukungu kuondoka mlimani. Tuliipata kwenye jora lililokuwa chini kabisa ya rundo. Taa za dukani ziliifanya ionekane kama ina zambarau ndani yake.

"Kaka, naomba nitoke nacho mlangoni," fundi mkuu alisema.

"Toka nacho tu, mama. Na hakichuji hicho, nakuhakikishia."

Nje, zambarau ilitoweka. Kitambaa kinachochaguliwa chini ya taa kinaweza kubadilika kabisa juani, kwa hiyo sampuli zote nne zilikusanywa kizingitini na kutazamwa pamoja, si moja moja. Njano ya limau ilikataliwa hapo hapo kwa kuwa ilielekea kijani ilipokaa karibu nacho. Iliyochukuliwa ilikuwa njano iliyoiva, inayokaribia dhahabu, ambayo ndiyo hasa inayotakiwa kwa rangi inayowakilisha madini. Kwa kijani tulichukua vivuli viwili vinavyokaribiana, miraba minane ya kimoja na saba ya kingine, ili uso wa mfarishi usiwe bapa kama ubao uliopakwa rangi ya mafuta. Vitenge viliachwa kabisa. Kitenge kizuri kina rangi zake tano au sita na hakikubali kuamriwa, na katika kazi ambayo nguvu yake yote iko kwenye rangi nne tulivu, kingevuruga.

Aina ya uzi ilichunguzwa kwa kiberiti. Fundi alichomoa nyuzi chache pembeni mwa kila kitambaa na kuziwasha: pamba iliungua kama karatasi ikaacha jivu laini, na nyeusi ya kwanza ikayeyuka, ikaganda kuwa kidonge kigumu, dalili ya poliesta. Kuchanganya pamba na poliesta katika mfarishi mmoja ni kujitafutia mikunjo, kwa maana pamba hurudi inapofuliwa na poliesta hubaki ilivyo, na mshono ulio kati yake huvutwa upande mmoja. Nyeusi ya pamba tupu ilitafutwa upya.

Ilipopatikana, nayo ilichuja. Kipande cha ukubwa wa kiganja kililowekwa kwenye bakuli jeupe lenye maji ya moto na sabuni ya unga, na baada ya nusu saa maji yalikuwa ya zambarau yenye weusi. Wapo waliotaka kutia chumvi, wengine siki, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Kwa heshima zote, chumvi husaidia rangi kuingia kwenye pamba wakati wa kupaka rangi kiwandani na siki husaidia rangi za sufu na hariri, lakini hakuna mojawapo inayokamatisha rangi iliyokwisha kuzidi kwenye kitambaa cha pamba kilichonunuliwa dukani. Kinachofaa ni kuitoa rangi ya ziada kabla ya kushona. Kitambaa cheusi kilifuliwa kwa maji ya moto na sabuni, kikiwa peke yake, kikarudiwa mpaka maji yakatoka safi na kitambaa cheupe kilichosuguliwa juu yake kikiwa kimelowa kikabaki cheupe. Kijani, bluu na njano nazo zilifuliwa, kila moja na beseni lake, ili zote ziwe zimerudi kabla ya kukatwa. Katika mchoro huu njano imezungukwa na nyeusi kwa kila upande. Mchujo mdogo tu ungegeuza vijiraba arobaini na viwili kuwa na rangi ya matope.

Kwa mwenye kutaka vipimo: miraba ilikatwa inchi kumi na nusu, mikanda inchi mbili na nusu kwa kumi na nusu, kwa kuwa kila mshono unakula robo inchi pande zote mbili. Kwenye kitambaa chenye upana wa inchi arobaini na mbili za kutumika, kijani na bluu zilihitaji sentimita 107 kila moja, tukanunua mita moja na robo ili kufidia kurudi. Nyeusi, pamoja na utepe wa kumalizia kingo, ilikaribia sentimita 160, tukanunua mita mbili. Njano ilihitaji sentimita 19 tu. Muuzaji alishangaa kuona tunaomba robo mita ya rangi ambayo wateja wengine huinunua kwa jora.

Upande wa nyuma familia ilitamani kanga, kwa sababu ya maneno yake. Lakini doti ikiunganishwa hutoa upana wa karibu sentimita 150, na mfarishi una 157 kabla ya nafasi ya kupigia bandi, hivyo ilibidi iongezwe vipande pembeni na maneno yakatike vibaya. Ikachukuliwa marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, mita nne na robo, ambayo pia ilikuwa uwanja mzuri wa kutarizia majina. Katikati liliwekwa blanketi jembamba la kijivu badala ya pamba nyeupe ya kujazia, kwa kuwa nyuzi za pamba nyeupe hupenya kwenye matundu ya sindano na juu ya kitambaa cheusi huonekana kama vumbi lisilofutika.

Kuna jambo moja ambalo mimi na fundi mkuu hatukukubaliana hadi mwisho. Kati ya vijiraba arobaini na viwili vya njano, ishirini na viwili vipo kwenye kingo za nje, na mimi naona vinaufanya ukingo uwe na shughuli nyingi. Ningeacha mkanda wa nje uwe mweusi mtupu na kubakiza njano ishirini za ndani. Yeye anasema mzee akijifunika, ukingo ndio atakaoushika kifuani na ndio atakaouona, kwa hiyo njano lazima ifike huko. Alishona kwa maoni yake, na mzee alipokabidhiwa alipitisha kidole gumba kwenye ukingo huo huo, jambo ambalo fundi hajaacha kunikumbusha.

Sasa familia imeagiza mwingine wa futi sita kwa sita kwa ajili ya bibi. Mchoro unabaki ule ule, safu ya sita ikiongezwa kwa upana: miraba inakuwa thelathini na sita, kumi na minane ya kijani na kumi na minane ya bluu, na kila rangi kati ya hizo mbili itahitaji sentimita 133, yaani mita moja na nusu ya kununua. Bluu itafutwe kwanza, kabla ya nyingine zote, kwa kuwa lile jora limebaki na mita chache na muuzaji hajui kama atapata tena la rangi ile.